Jinsi ya Kuandika Hoja ya Bustani ya Star Wars Ukiwa Mombasa

Mapendekezo mengi ya mashabiki wanaotaka filamu waipendayo ijengewe bustani ya burudani huanguka katika ukurasa wa kwanza. Mwandishi hutumia nafasi yote kuisifu filamu na mashujaa wake, na msomaji mwenye fedha au ardhi hufunga faili kabla hajaambiwa ni kitu gani hasa kitakachojengwa. Bustani ya burudani ni mahali. Mtu hulipa kiingilio ili aingie pahali hapo na watoto wake, atembee, aketi kivulini, ale, apande chombo kimoja au viwili, kisha aondoke akitamani kurudi. Kwa hiyo anayetaka kusema kwamba Star Wars inastahili bustani yake yenyewe, badala ya kona ndani ya bustani nyingine, ana jambo moja la kuthibitisha kabla ya mengine yote: kwamba ulimwengu wa filamu hizo una nafasi ya kutosha kwa mtu asiyekuwa shujaa.

Naamini kwa dhati kwamba nafasi hiyo ipo, tena kuliko katika mfululizo mwingine wowote wa filamu za bunilizi za kisayansi. Naamini pia kwamba hoja hiyo yaweza kuandikwa Mombasa, na watu wa Mombasa, ikautaja mji huu bila kuomba radhi. Yafuatayo ni maelezo ya namna ya kuiandika.

Orodhesha mahali kabla ya wahusika

Itazame upya filamu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1977, ukiwa na daftari, na usiandike jina la mhusika hata mmoja. Andika mahali tu, na kando ya kila mahali andika kazi inayofanyika hapo. Utaona kwamba muda mrefu kabla ya vita vikubwa, filamu hiyo imekwisha kukuonyesha shamba la jangwani ambako watu huvuna unyevu kutoka hewani, gari kubwa la wachuuzi linalozunguka likiuza roboti kuukuu, nyumba iliyochimbwa ardhini, meza ya chakula yenye maziwa ya rangi ya buluu, bandari ya vyombo vya anga, na mkahawa uliojaa viumbe wa kila namna wakiwa katika shughuli zao. Kila kitu kina vumbi, kimebonyea, kimewahi kufunguliwa na kufungwa tena na fundi. Hali hiyo ya vitu kutumika ilikusudiwa tangu mwanzo, na ndiyo inayomfanya mtazamaji aamini kwamba watu waliishi pale kabla kamera haijafika na wataendelea kuishi baada ya kamera kuondoka.

Sasa pitisha kila mahali katika kipimo kimoja: je, mgeni anaweza kusimama hapo saa nzima, shujaa asipite, na bado akaridhika? Bandari ya Mos Eisley inafaulu. Mji wa mawinguni wa Bespin unafaulu. Msitu wa Endor wenye vijiji juu ya miti unafaulu, na watoto ndio watakaokuwa wa kwanza kukubali. Sayari ya barafu ya Hoth inafaulu kwa masharti ya gharama, nami nitarudi kwenye suala la hali ya hewa. Chumba cha kiti cha enzi cha Mfalme Mkuu hakifaulu, kwa sababu bila mazungumzo yanayofanyika mle hicho ni chumba chenye kiti tu. Ukimaliza filamu tisa kuu, zilizotoka kati ya 1977 na 2019, utakuwa na orodha ndefu ya mahali palipofaulu, na orodha hiyo ndiyo uti wa mgongo wa pendekezo lako.

Inafaa pia uweke mfululizo mwingine kando kwa kulinganisha, ili msomaji aone kwamba umepima na hukupendelea. Chukua Back to the Future. Filamu hizo zilipendwa mno, zikajengewa mchezo wao katika Universal Studios ya Florida mwaka 1991, nao ukafungwa mwaka 2007. Kinachopendwa zaidi katika filamu hizo ni gari moja na safari yake, hivyo mchezo mmoja ulitosha kukibeba. Kwa Star Wars mchezo mmoja hautoshi, na historia imelithibitisha jambo hilo mara mbili.

Onyesha kwamba kona imekwisha kujazwa

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 9 Januari 1987, pale Disneyland ya California ilipofungua Star Tours. Wageni waliketi ndani ya chumba kilichotikiswa kwa mitambo ya aina ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwafundishia marubani, mbele yao ikaonyeshwa filamu ya safari ya angani, na mwili ukadanganyika kwamba unaruka. Ulikuwa ufundi wa kusifika. Hata hivyo abiria alitoka chumbani akajikuta amerudi katika bustani ile ile yenye mambo mengine, na ule ulimwengu ukabaki nyuma ya mlango.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2019, na hii ieleze kwa utulivu kwa sababu ndipo penye uzito wa hoja. Mnamo tarehe 31 Mei mwaka huo California, na tarehe 29 Agosti Florida, ilifunguliwa sehemu inayoitwa Star Wars: Galaxy's Edge, yenye ukubwa wa takribani ekari 14 katika kila bustani. Humo kuna chombo cha Millennium Falcon cha ukubwa kamili, ambamo wageni sita huketi pamoja, wawili wakiwa marubani, wawili wapiga risasi na wawili mafundi wa mitambo. Kuna karakana ambamo mgeni hujiundia upanga wa mwanga kwa mikono yake. Kuna soko lenye vichochoro, na kinywaji cha maziwa ya buluu. Ni kazi ya heshima kubwa, na pendekezo lolote linaloidharau litaonekana limeandikwa na mtu asiyejua anachokisema.

Lakini tazama kilichowabana wasanifu. Kwa kuwa walipewa kona, iliwalazimu kuchagua sayari moja, wakaibuni mpya kabisa iitwayo Batuu. Ikawalazimu pia kuchagua wakati mmoja, na walipofungua walichagua kipindi kilicho kati ya filamu ya nane na ya tisa ya mfululizo mkuu. Matokeo yake ni kwamba mzazi aliyekua na filamu za 1977, 1980 na 1983 alifika pale na mwanawe akakuta kwamba jangwa la Tatooine halipo, msitu wa Endor haupo, na Darth Vader, yule adui mkuu mwenye vazi jeusi, kwa hesabu za hadithi yenyewe, alikwisha kufa. Ubunifu haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni ardhi. Bustani kamili ingemruhusu mgeni avuke kutoka sayari hadi sayari na kutoka kizazi hadi kizazi, kila sehemu ikiwa na wakati wake. Aya hii ya pendekezo iandike mara nyingi uwezavyo mpaka iwe fupi na kali, maana ndiyo itakayonukuliwa na wengine.

Baada ya hapo mpe msomaji mifano ya bustani zilizokwisha kujengwa kwa ajili ya kazi za aina moja tu, ili asidhani unaomba jambo lisilowahi kutokea. Nje ya Paris kuna Parc Astérix, iliyofunguliwa mwaka 1989 kwa kutegemea hadithi za katuni za Astérix. Huko Japani, katika mkoa wa Aichi, ilifunguliwa Ghibli Park mwezi Novemba 2022 kwa kazi za studio moja ya filamu za katuni. Huu mfano wa pili ndio unaotufaa zaidi sisi. Bustani hiyo iliwekwa ndani ya bustani ya umma iliyokuwapo tangu maonyesho ya dunia ya mwaka 2005, haina mitambo mikubwa ya kupanda, na wageni huenda kutembea na kuingia ndani ya nyumba walizoziona kwenye filamu. Serikali ya mkoa ilikuwa mshirika. Mtu wa kaunti akiusoma mfano huo ataelewa haraka kuliko akisomewa habari za Florida.

Usifiche upande wa hasara. Hoteli ya Galactic Starcruiser, iliyomweka mgeni ndani ya hadithi ya Star Wars kwa siku mbili mfululizo, ilifunguliwa Florida mwezi Machi 2022 na ikafungwa Septemba 2023. Bei yake kwa watu wawili ilipita dola 4,000. Waliokwenda wengi waliipenda, lakini familia ya kawaida haikuweza hata kuifikiria. Andika wazi kwamba bustani unayoipendekeza inapimwa kwa mfuko wa mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto watatu, kisha utaje bei unayodhani mwalimu huyo anaweza kuilipa mara moja kwa mwaka.

Kwa nini Pwani

Hapa ndipo waandishi wengi wa huku kwetu husita, kana kwamba filamu hizi ni mali ya watu wa mbali na sisi ni watazamaji tu. Kusita huko hakuna msingi, nami ningependa sehemu hii ya pendekezo iandikwe kwa kujiamini kuliko nyingine zote.

Anza na sauti. Katika filamu ya 1983 kuna rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, anayeketi pembeni ya rubani Lando ndani ya Millennium Falcon katika shambulio la mwisho. Sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na maneno anayoyasema ni ya Kikuyu. Mamilioni ya watazamaji duniani waliyasikia wakadhani ni lugha ya kubuni ya sayari nyingine, ilhali mtazamaji wa Nyeri alielewa neno kwa neno.

Endelea na ardhi. Jangwa la Tatooine lilipigwa picha Tunisia, na jina lenyewe limetokana na mji wa Tataouine ulioko kusini mwa nchi hiyo. Nyumba ya Luke, shujaa wa filamu ya kwanza, iliyochimbwa ardhini ni Hoteli Sidi Driss ya Matmata, ambayo mashabiki kutoka pande zote za dunia wamekuwa wakisafiri kwenda kuiona kwa sababu tu ya dakika chache za filamu. Kwa hiyo Afrika imo ndani ya filamu hizi kwa macho na kwa masikio, na watalii wa Star Wars wamekwisha kuthibitisha kwa nauli zao kwamba wako tayari kuja.

Kisha taja anga halisi. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa setilaiti ya Marekani, waliorusha walikuwa Waitalia, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikapewa jina la Uhuru. Data zake zilisaidia wanasayansi kufikia wazo kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Jukwaa liliwekwa hapo kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hukiongezea chombo kasi ya bure. Wenyeji wengi wa Mombasa hawajawahi kusimuliwa habari hii shuleni, na bustani ya filamu za anga yenye ukumbi mmoja wa kueleza historia hiyo itakuwa imefanya kazi ambayo haiwezi kufanywa California wala Florida.

Jambo la nne ni mji wenyewe. Waliobuni soko la Galaxy's Edge walisafiri kwenda Morocco, Istanbul na Jerusalem ili wajifunze jinsi masoko ya kale yanavyojengeka, jinsi kichochoro kinavyopinda na kumficha mtu asione mwisho wake. Elimu hiyo tunatembea ndani yake kila siku. Ili kuiingiza katika pendekezo, nenda Mji wa Kale saa za alasiri, uchague kichochoro kimoja, ukipime na ukielezee. Andika upana wake kwa hatua. Andika urefu wa kuta na saa ambayo jua linaacha kugusa ardhi. Andika kwamba baraza la mawe linaanza futi ngapi kutoka mlangoni na wangapi wameketi. Muuza kahawa akipita, andika kwamba ulimsikia kabla hujamwona, kwa sababu anagonganisha vikombe vya kaure mkononi, na kwamba dele lake lina makaa chini yake, kwa hiyo harufu ya moshi na tangawizi inatangulia mbele ya kahawa. Maelezo ya namna hiyo, yakiwa ukurasa mmoja, humwonyesha msanifu wa bustani kitu ambacho hakiwezi kuonyeshwa na kurasa ishirini za sifa: kwamba watu wa hapa wanajua kilichofanya lile soko la kwenye filamu liaminike.

Na kuhusu chakula, kumbuka kwamba yale maziwa ya buluu yanayouzwa Galaxy's Edge hayatoki kwa ng'ombe. Yametengenezwa kwa nazi na mchele. Katika mji ambao tui la nazi huingia kwenye wali, samaki, mbaazi na maharagwe, hakuna haja ya kueleza zaidi ya kutaja tu kwamba malighafi ipo na mikono ya kuikuna ipo.

Hesabu watu, jua na kutu

Sehemu hii haina mvuto wa kusoma, lakini ndiyo inayotofautisha ndoto na mpango.

Hesabu ya kwanza ni ya watu kwa saa. Chukua chumba cha chombo cha anga chenye viti 6. Safari ikiwa ya dakika 5 na kupanda na kushuka ikiwa dakika 1, chumba kimoja kitafanya safari 10 kwa saa na kubeba watu 60. Sasa tuseme bustani inapokea wageni 3,000 kwa siku ya saa 8, na kila mmoja anataka kupanda mara tatu. Hizo ni safari 9,000 za mtu mmoja mmoja, yaani 1,125 kwa saa, nazo zinahitaji vyumba 19 vinavyofanya kazi bila kusimama. Vyumba 19 ni gharama kubwa ya kununua na kutunza. Ukifika hapo utaona kwa nini nilisisitiza mahali kabla ya mitambo: kila mgeni anayefurahia kukaa sokoni, kutazama mafundi wakiunda roboti au kusikiliza hadithi chini ya mti ni mgeni ambaye hayupo kwenye foleni. Ukimpunguzia haja ya kupanda kutoka mara tatu hadi mara moja, unahitaji viti 375 kwa saa, yaani vyumba 7 tu. Weka hesabu zako mwenyewe mahali pa hizi, lakini zionyeshe hatua kwa hatua.

Jua la Mombasa, hasa kuanzia Januari hadi Machi wakati wa kaskazi, halimruhusu mtoto kusimama kwenye foleni ya wazi kwa dakika arobaini. Kila foleni ipitie kivulini na penye upepo, na hapo vichochoro na baraza zitakusaidia zaidi kuliko feni. Mvua za masika, ambazo huwa nzito zaidi mwezi Mei, zinataka sakafu isiyoteleza na mitaro mipana. Hii ndiyo sababu sayari ya barafu naiweka mwisho: kukipoza chumba kikubwa katika joto na unyevu wa Pwani ni gharama ya umeme ya kila siku, na ni afadhali kuianza bustani kwa jangwa, msitu na bandari, ambavyo hali yetu ya hewa inavivumilia.

Chumvi ya bahari nayo hula chuma. Chochote kitakachojengwa kwa chuma kisichokingwa kitaanza kuota kutu mapema mno. Kwa bahati nzuri sura ya ulimwengu wa Star Wars ni ya vitu vilivyochakaa, kwa hiyo kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya mbao iliyochongwa, na mabati yaliyopakwa rangi kwa makusudi ili yaonekane makuukuu vitapendeza bila kudai ung'aavu. Hata vile vyombo vya anga vya filamu za mwanzo viliundwa kama sanamu ndogo, zikapambwa kwa vipande vilivyotolewa kwenye maboksi ya vifaa vya kuchezea vya magari na ndege za kivita. Mafundi wa jua kali wa Changamwe na Mwembe Tayari wanaijua kazi ya kukiunda kitu kimoja kwa mabaki ya vitu kumi. Taja idadi ya mafundi unaoweza kuwapata, taja wanachoweza kutengeneza, na uambatanishe picha ya kazi moja iliyokwisha kukamilika.

Sauti pia ina gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ben Burtt, aliyebuni sauti za filamu hizo, alipata mvumo wa upanga wa mwanga kutoka kwa injini ya projekta ya zamani na mlio wa televisheni, na mlio wa bunduki za angani kwa kupiga nyundo kwenye waya unaoshikilia mnara. Kikundi cha vijana chenye simu nzuri kinaweza kurekodi feri ya Likoni ikifungua mlango wake wa chuma, kreni za bandari ya Kilindini na mashine za kukamua miwa, kisha kikaonyesha jinsi sauti hizo zinavyoweza kuipa sayari uhai. Dakika tatu za rekodi kama hiyo zikiambatana na pendekezo zitasikilizwa.

Eneo na sheria

Kisiwa chenyewe hakina ardhi ya kutosha, na usipoteze wino kukitaja. Tafuta maeneo ya bara yanayofikika. Kituo cha treni ya SGR kiko Miritini, na barabara ya Dongo Kundu inaiunganisha sehemu hiyo na Pwani ya Kusini bila gari kungoja feri. Upande wa kaskazini kuna mfano ambao kila mjadala wa ardhi unapaswa kuanzia: Haller Park ya Bamburi. Pale palikuwa shimo la machimbo ya mawe ya saruji, jeupe na kavu. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje, jongoo wakaletwa kuyavunjavunja majani yake yawe udongo, na leo ni msitu wenye wanyama na wageni. Kama shimo la mawe liliweza kuwa msitu, basi machimbo mengine yaliyokwisha kutumika yanaweza kupendekezwa kuwa Tatooine kwa kazi ndogo sana na Endor kwa subira ya miaka kadhaa. Usitaje kipande chochote cha ardhi ambacho hujathibitisha mmiliki wake katika ofisi ya ardhi.

Mradi wa ukubwa huu utahitaji tathmini ya athari kwa mazingira mbele ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 1999, na wakazi wa karibu watapaswa kusikilizwa. Lieleze hilo katika aya moja ya pendekezo, na utaje mambo matatu watakayoyauliza: maji yatatoka wapi, takataka zitakwenda wapi, na magari yataegeshwa wapi.

Suala la haki lichukulie kwa uzito. Star Wars ni mali ya Lucasfilm, kampuni iliyonunuliwa na Disney mwaka 2012 kwa takribani dola bilioni 4. Hakuna mtu wa Mombasa anayeweza kujenga kibanda kimoja chenye jina hilo na kutoza kiingilio bila leseni, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda pia kazi za wageni. Kwa hiyo pendekezo lako lisitumie nembo yao kwenye jalada, wala usiuze fulana ili kupata fedha za kuliandaa. Omba kinachoweza kuombwa. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983, inamilikiwa na kuendeshwa na kampuni ya Kijapani, Oriental Land, ambayo hulipa ada kwa Disney kwa kutumia kazi zake. Huo ndio mpangilio wa kuutaja: mwekezaji na umma wa hapa wakimiliki bustani, mwenye kazi akilipwa stahiki yake na kusimamia ubora.

Kuandika na kuwasilisha

Pendekezo lisizidi kurasa 12. Ukurasa wa kwanza uwe na ile aya ya ardhi iliyopungua na ramani moja iliyochorwa kwa mkono ikionyesha sayari nne na njia za kuzipita. Andika nakala ya Kiswahili kwanza, kwa kuwa itasomwa katika mikutano ya wadi na wawakilishi wa wananchi, na nakala ya Kiingereza kwa ajili ya wenye haki na wawekezaji. Zote mbili ziwe na hesabu zilezile.

Kabla ya kuiwasilisha, ifanyie jaribio. Omba kibali cha kutumia sehemu ya wazi, kwa mfano bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, kwa alasiri moja ya Jumapili. Jengeni kichochoro kimoja tu cha soko, chenye majina na sura mlizozibuni wenyewe ili msivunje haki ya mtu, kiwe na mafundi wawili, muuza kinywaji cha nazi, na rekodi zenu za sauti. Msitoze chochote. Kijana mmoja asimame mwanzo wa kichochoro na mwingine mwisho wake, kila mmoja na karatasi, wahesabu wanaoingia, wanaokaa zaidi ya dakika kumi, na wanaorudi mara ya pili. Idadi ya waliokaa ina thamani kuliko idadi ya waliopita, na ndiyo itakayowekwa kwenye ukurasa wa pili.

Nakala moja ipelekwe kwa idara ya utalii na utamaduni ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na mhakikishe imepigwa mhuri wa kupokelewa. Nakala ya pili ipelekwe kwa chama cha wenye hoteli, kwa sababu wao wanajua miezi ambayo vyumba vyao viko tupu na watataka kusikia bustani itawaletea nani katika miezi hiyo. Nakala ya tatu ibaki kwenu, na kila tarakimu iliyomo iandikiwe pembeni tarehe na jina la aliyeihesabu, maana mkiitwa kuitetea, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyewahesabu watu wale na aliwahesabu lini.